Siku Niliyosema Tumbo Linaniuma Uwanjani

Lewisville, Texas
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kathure,

Nakusalimu wewe, baba Sheldon na Sheldon mwenyewe. Hamjambo huko Houston? Na presha yako je, unameza dawa kila asubuhi ama unangoja mpaka kichwa kiume? Sisi hapa tu wazima, ila miguu yangu inanikumbusha kila jioni kwamba kule jikoni chuoni ninakopika hakuna kiti.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu ningeongea habari za jua na mvua halafu nikate. Mwandiko wangu unaujua, darasa la sita ndilo nililofika, kwa hivyo soma polepole.

Nimesikia Sheldon ameanza kucheza tena ule mpira wao wa Kimarekani. Nilipoambiwa niliweka mwiko chini nikaingia kwenye kile chumba cha baridi cha kuwekea nyama, ndio wenzangu wasinione nikilia.

Sasa nikwambie jambo. Mwaka jana timu ndogo ya chuo chetu ilipokuja kucheza na yenu ya chuo cha Sheldon, niliondoka kabla ya mwisho nikasema tumbo linaniuma. Tumbo halikuwa na shida. Ulikuwa wivu, Kathure, na baada ya wivu ukaja woga.

Ulinikalisha kivulini, kwenye kiti laini. Ulinionyesha picha za chumba cha akina Sheldon cha kubadilishia nguo, kila mtoto na kabati lake lenye taa na jina. Vijana wetu, niliowakaangia mayai kabla hakujapambazuka, walishuka kwenye basi wamekufa ganzi miguu, mmoja begi lake limefungwa kwa selotepu. Ukaniambia wenu wana mtu ambaye kazi yake ni kuchanganya juisi tu. Wetu wana mimi.

Halafu ukanitania mbele ya marafiki zako, “Dada, kwani hao wako wamekuja kucheza ama kubeba maji?” Nikacheka na nyinyi. Ndani nilikuwa nawaka.

Basi nikafumba macho nikaomba. Sikuomba tushinde, tulikuwa tumeshapigwa kupita kiasi. Niliomba Mungu awaangushe hao wenu, waonje na wao. Nilipofumbua macho Sheldon alikuwa chini ameshika goti. Mtoto niliyembeba mgongoni ukiwa kazini zamu ya usiku. Nikaona ni mimi nimemvunja, ndiyo nikakimbia.

Mchungaji wetu aliniambia Mungu hatumwi kazi kama hiyo. Nilimwamini nusu.

Mwaka mzima ukipiga simu nimekujibu kwa kifupi, nawe ukafikiri ni ule utani. Utani uliniuma, sikatai, lakini sio huo. Nilikuwa naogopa kusikia habari ya hilo goti.

Na wivu haujaisha, nisikudanganye. Januari mkamchukua Mugisho, yule kijana wa Kikongo aliyekuwa akikimbia na mpira kuliko wetu wote. Miaka miwili nimemletea chapati za nyumbani. Alikuja jikoni kuniaga, akasema, “Mama, unielewe.” Nikamwelewa, nikamfungia chapati sita, kisha nikakaa na hasira wiki mbili. Kila tunayemlea akishanona, wenye nacho wanamchukua. Nimeona picha yake na nguo zenu, anatabasamu. Niliiangalia sana nione kama amekonda. Hajakonda.

Uliniuliza kwa nini nisishabikie timu ya Sheldon na mimi nipate kivuli. Kujibu vizuri sijui. Hawa wangu wakipigwa pointi hamsini Jumamosi, Jumatatu wanakuja na trei zao, uso umevimba, na bado wananiuliza kama nimelala vizuri. Nikihamia kwenu nitawaangalia vipi?

Tunakuja tena Jumamosi tarehe 20. Mume wangu Absalom ataendesha, unajua mimi zile barabara kubwa siziwezi. Tafadhali usininunulie tikiti ya kivulini wala ile fulana yenu. Nitakaa juani na wangu, nitavaa kofia.

Mchezo ukiisha uniletee Sheldon nimshike hilo goti kwa mkono wangu. Nataka kumwambia nilichoomba siku ile. Lakini wewe ndiwe mama yake. Ukiona haifai nitanyamaza, nimpe tu chapati zake. Za Mugisho pia nitakuwa nazo, mwambie asijifiche.

Msalimie baba Sheldon, na mama mkwe wako ukimpigia huko Meru. Absalom anawasalimu. Mungu akulinde, akutulizie hiyo presha, na moyo wako unisamehe.

Siku hizi nimejua kuomba. Nitaombea miguu ya watoto wote, wenu na wetu, irudi nyumbani mizima. Pointi nitaziomba za upande wetu peke yake, hapo usinilaumu.

Ni mimi dada yako mkubwa, mwenye wivu na anayekupenda vilevile,
Kinanu