Mashine Iliyosikia Tukipura Mtama

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika Manyoni, marahaba. Babu yako anakohoa kidogo tu. Unauliza kama nayaelewa masomo yako huko Japani, kupima mitetemeko ili mjue ardhi inavyozama chini ya ardhi nyingine baharini.

Mwaka tulipohamia kijiji cha ujamaa, mtaalamu alifukia mashine ya kupimia mitetemeko karibu na uwanja wetu wa kupuria. Alituomba tutulie, lakini wingu lilitanda na mtama uko nje, tukapura. Sindano ya mashine ikarukaruka kwenye karatasi yake ya kuchorea. Nikajua atatufukuza.

"Akina mama, hizi ni fimbo zenu," akasema akituonyesha michoro. "Nikishazijua, nitautambua mtetemo wa ardhi yenyewe."

Tangu uondoke, lori likipita na sakafu ikatetemeka, nakimbilia mlangoni nikidhani umerudi. Bado sijajua kutofautisha mtetemo wa ardhi na wa moyo wangu.

Bibi yako