Roka ya Nane

Jumatatu, 6 Juni 1938

Miezi minane tangu niondoke Oklahoma kuja kutafuta kazi huku magharibi. Mgongo unauma, vumbi la chuma limeingia mpaka kwenye mkate.

Leo mzee Haldorsen, mwenye gereji ninamofanya kazi, ameleta silinda hedi ya marehemu Dwight Pruett, kile kifuniko cha juu cha injini. Tutaifunga kwenye gari letu kuukuu la Fodi, la silinda nne. Injini yake ilitengenezwa na valvu, vile vilango vya hewa na moshi, ubavuni. Hedi hii inazipandisha juu, injini ipumue vizuri, ikimbie kama imepagawa. Dwight alikimbia nayo mwaka jana kwenye ziwa kavu, huko jangwani. Valvu ikakatika, ikadondokea ndani ya silinda, injini ikajifunga ghafla, gari likapinduka. Mjane wake, Irma, ndiye anayetupikia hapa gerejini.

Mzee anasema kwenye mbio za Jumapili, huko huko ziwani, nitaendesha mimi. Macho yake yamekwisha. Injini ikivumilia, gari ni langu, niende nalo nyumbani.

"Na isipovumilia?"

"Basi hutahitaji gari."

Akacheka peke yake.

Jumatano, 8 Juni

Tumeziba matundu ya valvu za zamani, tumeweka vijiti virefu vya kusukuma roka. Roka nane huko juu, kila moja inabonyeza valvu yake. Oili ya injini haizifikii. Kabla ya kila mbio lazima uzitilie kwa mkono, kwa kopo la mdomo mrefu, moja baada ya moja.

Mzee anasema Dwight alikuwa akitilia huku anapiga mluzi. Siku ile alifika ya saba, Irma akamwita, kahawa inapoa. Akaenda. Aliporudi akaingia moja kwa moja kwenye gari. Baada ya ajali, ya nane waliikuta kavu, imeungua mpaka ikawa buluu. Sasa ni desturi pale ziwani: mtu akishika kopo la oili, haitwi. Hata kama hema lake linaungua.

Nikageuka. Irma alikuwa nyuma yetu na sufuria ya maharage. Amesikia yote. Akaniuliza tu kama nataka kitunguu.

Alhamisi, 9 Juni

Asubuhi nimekuta roka ya nane imelowa oili. Zile saba kavu. Si mimi. Mzee anaapa si yeye. Nimeifuta.

Ijumaa, 10 Juni

Imelowa tena.

Jumamosi, 11 Juni

Nimewahi kabla jua halijatoka. Kumbe ni Irma. Ameinama juu ya injini, kopo mkononi, midomo inacheza bila sauti. Nikasimama mlangoni, sikumwita. Alipomaliza ndipo akaniona.

"Unaniona mwehu, Orval."

"Hapana, dada."

"Hata hedi ilipokuwa stoo nilikuwa naenda kuimalizia ile ya nane. Kila alfajiri. Kesho yake naiona kavu vilevile."

Akaniomba nisiendeshe. Nikamwambia mke wangu Nola ameandika kwamba mwanangu ameanza kutembea, na sijaona hatua hata moja. Akalifuta kopo kwa aproni, akanipa.

"Basi itilie mwenyewe. Mimi siigusi tena."

Mchana tumeiwasha. Sauti ile — kavu, kali, nikaisikia kwenye meno. Mzee akatoa machozi, akalaumu moshi. Irma hakutoka jikoni.

Jumapili, 12 Juni

Ziwani. Udongo mweupe, umepasukapasuka, hauna mwisho. Yamebaki magari mawili mbele yangu.

Nimetilia roka. Saba. Kufika ya nane — imeshalowa. Oili inachuruzika. Nilikuwa nimeifuta mwenyewe kabla ya kuondoka. Irma yuko kule kwenye lori, tangu tufike hajashuka, amejiziba mdomo kwa kiganja asije akaniita. Mzee amesimama na mtu wa kupima muda. Hapa kwenye gari niko peke yangu.

Nimeitilia hivyo hivyo. Tone, tone, tone.

Kuna mluzi. Nimesema ni upepo. Lakini bendera ya kuanzia imelala tu.

Sikugeuka. Naandika juu ya boneti, kopo kwapani. Mluzi bado upo, taratibu, kama wa mtu aliye kazini. Hauniogopeshi kama nilivyodhani. Nadhani anataka tumalize.

Gari la mwisho mbele yangu limeondoka. Mzee haniiti, ananipungia mkono tu. Naweka kopo chini.

Nola, Alhamisi nitakuwa nyumbani. Mshike mtoto mlangoni, nimwone akija.