Radhi Nisiyokumbuka Kuiomba

Mjukuu wangu Zuhura,

Pokea salamu za Kileleshwa. Goti la bibi yako limepona, naye ameanza tena kugombana na muuza maziwa.

Umeuliza kwa nini Waingereza, katika lugha yao, hutenganisha kusahau kufanya jambo na kusahau kwamba ulilifanya. Mimi yalinipata yote mawili kwa barua moja.

Miaka ya sitini nilikuwa karani wa wakili huku mjini. Nilikuwa nimeondoka Lamu kwa ugomvi na mama. Aliposhikwa na maradhi niliazimia kumwandikia, nimwombe radhi. Kazi zikanizonga, nikasahau. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshazikwa.

Nikamlilia dada yangu: "Mama amekwenda bila kunipa radhi!"

"Kaka, una wazimu?" akasema. "Radhi alikupa. Barua yako nilimsomea mwenyewe, mara tatu. Akalia, kisha akakucheka ulivyojitetea."

Akaitoa chini ya mto wa kulalia wa mama. Mwandiko ulikuwa wangu, na wino ulikuwa ule wa kijani wa ofisini. Niliisoma yote kama barua ya mtu mwingine, na mpaka leo sikumbuki kuiandika. Lakini radhi ninayo, na nimeishi nayo.

Sasa hivi nimeinuka kutafuta bahasha. Nimeikuta mezani, tayari ina stempu na jina lako, kwa mwandiko wangu.

Kama kuna barua yangu iliyoitangulia hii, mjukuu wangu, niandikie unijulishe nilikuambia nini.

Babu yako