Zawadi ya Mistari Iliyonyooka

Kimbo, Ruiru
Jumapili jioni

Dada yangu Becky,

Pokea salamu za mke wa mtu! Bado nacheka nikiandika maneno hayo. Natumaini mgongo wako umepoa na watoto wanakula vizuri. Sisi tu wazima. Muigai wangu hunichemshia chai kila asubuhi na kunifunika miguu kwa leso nikifanya kazi kwenye kompyuta. Nampenda mpaka naona haya. Lakini leo nina hasira kali, nimejifungia chumbani na yeye yuko nje.

Unajua tunatengeneza programu ya kupimia maziwa ya wakulima, mimi na Eddie wa Thika ndio tunaoandika maelezo ya kuitumia. Ni maandishi matupu, bila mapambo. Sote lazima tufuate mpangilio mmoja, na amri, yaani ule mstari ambao mtu ataunakili kwenye kompyuta yake kuiendesha programu, isiongezwe hata nafasi moja, la sivyo itakataa.

Mwezi huu mpangilio ulianza kuharibika. Nafasi zilizagaa kati ya maneno kama mapengo. Nikizifuta, kesho zimerudi. Jumatano karani wa chama kimoja cha wakulima alinakili amri yetu, ikakataa, mizani ikasimama na mitungi ya maziwa ikabaki juani. Nikawaka! Nilimwambia Eddie mbele ya wote kwamba anaharibu kazi yangu. Akajibu taratibu kuwa mabadiliko hayo yametumwa kwa jina langu. Nikamwita mwongo, nikasema mtu yeyote anaweza kujiandika Wamboi. Mutheu, kiongozi wetu, akaniamini mimi. Ijumaa Eddie alitolewa kwenye kazi.

Leo tulipotoka kanisani Muigai aliniuliza, akitabasamu, kama bado sijaiona zawadi yake. Zawadi gani? Akasema kila nikiingia kuoga yeye hufungua faili zangu na kuzinyoosha, kwa kuwa mistari yangu huishia ovyo, mmoja mrefu, mwingine mfupi, naye hataki mke wake apeleke kazi ya aibu. Si unajua huchapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi? Dukani kwake ukingo wa kulia ukipinda, mteja anakataa kazi. Basi alikuwa akipachika nafasi hadi kila mstari uishie mahali pamoja, ndani ya amri pia! Nami nikitoka bafuni nilikuwa natuma kila kitu bila kukitazama.

Nilipiga kelele mpaka Mama Rayan wa jirani akabisha hodi. Nimemwandikia Mutheu ukweli wote, nikamwomba amrudishe Eddie, hajajibu. Nimempigia Eddie, hashiki. Kesho tutakwenda Thika, mimi na mume wangu, tusimame mlangoni pake.

Muigai amepitisha chini ya mlango barua ya kumwomba Eddie msamaha, ameichapa kwa mashine yake ya sebuleni, na maua pembeni. Nimeisoma. Anaomba vizuri, mpenzi wangu, machozi yamenitoka. Kisha nikaona ukingo wa kulia umenyooka kabisa, nikapandwa na hasira upya. Nimemwambia aiandike kwa mkono, bila maua.

Namsikia huko nje akitafuta rula.

Nisalimie shemeji na watoto, na umwambie Mama ndoa ipo.

Mdogo wako akupendaye,
Wamboi