Mayai Kwenye Mchanga wa Mama Mkwe

Alhamisi, 8 Mei 2025
Mvua jana, jua leo. Mai Mahiu imeoga. Kwa lile jiwe kubwa la mlangoni mjusi dume anapiga push-up — kichwa rangi ya chungwa, mwili bluu, kama kijana aliyevalia harusi ya wenyewe. Na lori langu nimefika Juba, Goma, Dar, na sijaona mwanamume anayejipenda hivyo. Isipokuwa mimi.

Jike ni la kahawia tu, halina makuu. Limechimba kwa lundo langu la mchanga, likataga, likafukia, likashindilia na kichwa. Nimelitazama hadi chai ikapoa.

Ijumaa, 9 Mei
Shida. Mchanga ni wa plasta ya chumba cha mamake Wangeci, mke wangu. Anaishi Molo, baridi ya huko inamla kifua, na kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe. Ndio maana tunamjengea chake hapo nje. Wangeci anakingoja kuliko Krismasi.

Simu inasema mayai yakigeuzwa yanakufa. Miezi kama miwili ndio yaanguliwe. Lundo ni dogo — ukichota pembeni linaporomoka lote. Na lori limekufa gearbox, siwezi kuleta mchanga mwingine.

Jumamosi, 10 Mei
Gachanja fundi amekuja na mwiko wake. Nimemrudisha.
"Boss, unafukuza fundi juu ya mjusi?"
Nikamwambia huyo ni mpangaji. Akacheka hadi akakaa chini.

Wangeci hakucheka. "Baba Abby, mamangu anakohoa, wewe unalinda mjusi."

Nikatafuta mzaha. Nikakosa. Mimi!

Jumatano, 14 Mei
Shemeji Muiruri amemleta mama mkwe mchana, bila kupiga simu. Kifua kimezidi. Chumba bado mawe matupu, upepo unapita.

Nikamweleza ukweli, macho chini. Akaomba kiti, akakaa kwa jua kando ya lundo.
"Ametaga mangapi?"
"Sikuhesabu, mama. Niliona aibu kuchungulia."

Akacheka, kikohozi kikamkata. Akasema mchanga usiguswe. Sasa atalala wapi?

Nimemwambia Wangeci mama achukue nyumba, mimi nihamie kabini ya lori mpaka mayai yaanguliwe. Jua linashuka. Wangeci ametoka sasa hivi — karai ya kuchotea mchanga mkono mmoja, blanketi yangu mkono wa pili. Amesimama hapo kati, anamwangalia mamake, ananiangalia mimi, kisha anaweka karai chini na kunirushia blanketi.