Baiskeli Isiyo na Mzigo

Iroquois, Louisville, Kentucky
Jumapili, 22 Novemba 2015

Mpendwa shemeji Zita,

Pokea salamu za Bwana kutoka kwetu sote. Je, ule mguu unaovimba kwa kusimama kiwandani umepungua? Ulisema daktari alikupa soksi za kubana. Zivae, hata kama hazina uzuri wowote. Nasikia theluji bado haijawafikia hapo Buffalo mwaka huu. Mwaka jana wiki kama hii ilikuwa imezika magari upande wa kusini wa mji wenu, nanyi mlitutumia picha kana kwamba mmeipanda na kuipalilia wenyewe.

Huku tu wazima. Gracieuse wangu bado anatunza wazee. Kuna bibi mmoja humwita kwa jina la dada yake aliyekufa, naye huitika, maana anasema kubishana kunachosha zaidi. Watoto wanakua. Ukiwaita kula kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza kwamba wanakuja, na hawaji. Mimi niko ghalani Okolona, zamu ya mchana hadi jioni, nafunga viatu vya watu nisiowajua ndani ya maboksi.

Najua hukufungua bahasha ili usome habari za viatu. Umeniachia ujumbe wa sauti mara tatu, na mara zote tatu nimekusikia ukisema: "Shemeji Balagizi, ni weye utaikaa ku kiti ya Byamungu. Hakuna mwengine. Bon, unijibu basi." Nilisikiliza, nikaweka simu mfukoni. Naomba radhi kwa kimya hicho.

Kwa hiyo tarehe 19 Desemba tunakutana Columbus, kwa Mzee Bagula, ambaye mwanawe Aganze anamwoa Chimène wetu. Kwa desturi wao ndio wangepiga hodi kwetu, lakini Columbus iko katikati na kanisa lao lina ukumbi wenye joto, hivyo sisi ndio tutakaofunga safari tukajifanye wenyeji. Baba wa binti, kaka Byamungu, hayupo, ndugu yake anakaa mahali pake. Unakumbuka anachoulizwa mtu wa kiti hicho kabla hajanywa. Wazee wa upande wa pili wanauliza: nyumba hii ina neno? Anajibu haina, yaani hakuna kinyongo wala jambo lililofichwa. Ndipo anakunywa kutoka kibuyuni, na binti anaweza kutoka. Hapa Marekani kibuyu kimekuwa chupa ya Fanta, lakini swali ni lile lile, nalo ndilo lililonifanya ninyamaze.

Nimechagua barua kwa sababu ujumbe wa sauti husikika jikoni kwako kote, na Chimène ana masikio. Soma ukiwa peke yako. Itabidi nianze mbali kidogo, na baiskeli.

Pale ghalani kuna Mbosnia mmoja, Emir, aliyekuja hapa kwa sababu ya vita vya kwao kabla sisi hatujakimbia vya kwetu. Ana nywele nyeupe na hasemi sana. Mwezi wa tisa alinisikia nikieleza kwamba ujanani nilikuwa mchukuzi wa baiskeli, nikiteremsha magunia ya maharage kutoka Nyangezi kwenda soko la Kamanyola kwa mteremko wa Ngomo. Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani na baiskeli mbili juu ya gari lake, akasema twende. Majirani wa kanisani waliniona nikiondoka hivyo, wakamwuliza Gracieuse kama gari letu limechukuliwa na benki.

Shemeji, hapa watu hupanda mlima kwa baiskeli bila mzigo. Wakifika juu hawauzi kitu. Wanakunywa maji, wanatazama, kisha wanateremka. Tunakwenda msitu wa Waverly, si mbali na kwetu, ambako kuna vijia vyembamba vilivyochongwa kwa ajili hiyo tu, na watu wazima hujitolea kuvifagia na kuvitengeneza bila kulipwa. Baiskeli yenyewe ina matairi manene yenye meno, na freni zinazoshika kwa kidole kimoja. Mara ya kwanza nilidhani nimepewa kitu cha mtoto wa tajiri. Mara ya pili nilikuwa namsubiri Emir tangu alfajiri, nimeshavaa kofia ngumu ndani ya nyumba.

Kila Jumamosi kabla hatujaanza, Emir huinua baiskeli yangu, huzungusha gurudumu, kisha huniuliza kama freni zinashika. Mimi huziminya mara tatu, nne, tano, ndipo namjibu. Alianza kunitania kwamba nakagua kama afisa wa uhamiaji. Nilicheka pamoja naye.

Sasa ni mwisho wa majira ya majani kupukutika. Oktoba ilikuwa rahisi, njia ilionekana. Kuanzia mwanzo wa mwezi huu majani yamefunika kila kitu, na chini yake kuna mizizi na mawe ambayo huyaoni mpaka gurudumu liyaguse. Asubuhi majani yana barafu nyembamba, yanalia chini ya tairi. Saa nne barafu inayeyuka na yanateleza kama maganda ya ndizi. Emir anasema tunazo Jumamosi chache tu, kisha udongo utakuwa unaganda na kuyeyuka kila siku, na vijia vitafungwa visiharibike.

Jumamosi ya tarehe 14 nilianguka. Tulikuwa tunateremka sehemu yenye kona, mimi mbele, gurudumu la nyuma likateleza juu ya majani. Nilikuwa na freni mbili nzima mikononi. Badala ya kuziminya, nilitoa mguu wa kulia kwenye pedali, nikaurudisha nyuma, nikaubana juu ya tairi, kama tulivyofanya kule Ngomo sisi wote ambao freni zetu zilikuwa za jina tu. Kule tulivaa sandali za mpira wa tairi, na mpira kwa mpira huelewana. Hapa nilivaa raba. Yale meno ya tairi yaliukamata mguu, yakanitupa chini ya kijia. Hakuna kilichovunjika. Kifundo kilivimba, na sasa mimi na wewe tuna mguu mmoja mmoja wa kulaumu hali ya hewa.

Emir alikagua baiskeli kwanza, kisha mimi. Akaniuliza kwa nini mtu mwenye freni anatumia mguu. Nikamwambia ni mazoea. Akakaa karibu nami, akamimina kahawa kutoka chupa yake. Mimi nilibaki kwenye majani, natazama ile raba iliyochanika kisiginoni, na nikalia. Siandiki hili ili unihurumie. Naandika kwa sababu lilitokea, na kwa sababu ya niliyoyaona nilipoitazama raba ile.

Zita, unajua habari ya kifo cha Byamungu kama ulivyosimuliwa mwaka ule wa 2001. Kwamba alikuwa anateremka Ngomo siku ya soko, Ijumaa, na gunia la maharage, na kwamba lori lilimsukuma kwenye kona. Mimi ndiye niliyekusimulia. Chimène alikuwa hajamaliza kung'oka meno ya utoto.

Lori halikumgusa. Jumatano ya wiki ile nilifungua vipira viwili vya freni ya nyuma kwenye baiskeli ya kaka. Ya mbele ilikuwa imekufa siku nyingi, unakumbuka. Nilivifunga kwenye baiskeli niliyoazima, nikaenda kumwona Gracieuse kwao. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimevaa shati lililopigwa pasi, na sikutaka msichana anione nikisimamisha baiskeli kwa kuburuza sandali kama mchukuzi. Nilikuwa mchukuzi, lakini sikutaka aone. Nilikusudia kuvirudisha Alhamisi. Alhamisi nilikwenda kumwona tena.

Ijumaa asubuhi Byamungu alikuwa anakaza kamba za gunia. Bila kugeuka aliniuliza, "Freni inashika?" Nikamjibu, "Inashika." Ni hayo tu. Niliogopa atanigombeza mbele ya wenzake, na nikajiambia kwamba mguu wake una nguvu, atateremka kwa mguu kama siku nyingine.

Nilikuwa nyuma yake na mzigo mdogo. Nilipofika kwenye kona watu walikuwa wamekwisha kusanyika, na lori lilikuwa limesimama. Dereva aliapa kwamba alimpisha, kwamba alimwona akipita kwa kasi huku mguu mmoja uko nyuma. Alikuwa anasema kweli. Tulimpiga. Mimi pia nilimpiga, shemeji, na kwa bidii kuliko wengine. Kisha nikaona sandali ya kulia ya Byamungu kando ya barabara. Ilikuwa imelika kisiginoni mpaka ikatoboka. Alibana tairi kwa mguu kuanzia juu hadi mpira ukaisha, na baada ya mpira akabana kwa nyama yake. Niliiokota kabla mtu hajaitazama, nikaitupa bondeni. Ndiyo sababu ulipewa sandali moja tu pamoja na nguo zake. Uliuliza nyingine iko wapi, nikasema imepotea.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka kumi na minne, imepita kambini, imepanda ndege. Mpaka juzi nilidhani haina mwisho, na nilikuwa nimeizoea.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilimweleza Gracieuse. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja, kisha akaniuliza, "Donc, ile siku ulikuyaka kwetu, ulisimamisha kinga na freni ya Byamungu?" Nikasema ndiyo, baiskeli ile niliisimamisha kwa freni yake. Alimaliza kukunja nguo zote za watoto na zake, na zangu akaziacha kitandani kama zilivyo. Tangu siku hiyo anapika, anasali, anaongea nami mambo ya lazima. Ila jana ameniambia barua hii itoke kabla ya posta kufungwa kwa sikukuu ya Shukrani, ile ya bata mzinga, na stempu amenunua yeye.

Jana hiyo hiyo nilipanda tena Waverly, na kifundo nimekifunga bendeji. Emir hakutaka, lakini alikuja. Miti imebaki vijiti, kwa hiyo ukifika juu unaona mbali, mpaka ndege zinazoshuka na mizigo ya watu. Nilikaa pale kama nusu saa. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia ambayo ingenipunguzia. Sikuipata, nikateremka polepole kwa freni zote mbili.

Sitakuomba kitu kwa simu, wala usinijibu kwa simu kama hutaki. Ukiona kiti hakinifai, Sipriani wenu hapo Buffalo ni wa ukoo wetu, sauti yake nzito, na hajawahi kuazima kitu cha mtu bila kusema. Mpe yeye. Kwa wageni sema kifundo changu kinauma. Chimène aolewe kwa amani, na kama utamwambia au hutamwambia, na lini, hilo si langu kulipanga.

Ila Columbus nitakuja. Nitawaleta Gracieuse na watoto kabla ya saa sita mchana, maana Gracieuse bado hana leseni. Wao wataingia ukumbini. Mimi nitakaa ndani ya gari uani, nitawasha joto. Ukituma mtu, nitaingia na kuketi utakaponionyesha, hata kama ni jikoni na masufuria. Usipotuma, nitangoja mpaka ngoma iishe, niwarudishe nyumbani, na sitakulaumu leo wala siku nyingine.

Sijui kuomba msamaha kwa maneno mazuri. Nilimpenda kaka yangu na nikamwua kwa vipira viwili vya freni na neno moja. Nimewaona wewe na Chimène mkiishi bila yeye, nami nikawaletea sukari na sabuni, mkanishukuru. Kila shukrani niliimeza. Nikiketi kwenye kiti kile na Mzee Bagula akauliza kama nyumba ina neno, nitatakiwa kumjibu mbele yenu wote. Nilishajibu swali la namna hiyo mara moja, asubuhi, mtu akikaza kamba, nikasema uwongo. La pili siwezi. Ili niseme "haina" na iwe kweli, hilo limo mikononi mwako peke yako.

Nisalimie Sipriani na mkewe, mama Esperance wa kwaya, na wazee wote wa jumuiya. Msalimie Chimène, au usimsalimie kwanza, kama utakavyoona. Gracieuse anakusalimu sana. Ameniambia niandike hivyo mbele ya macho yake. Mungu aliyekulinda miaka yote hii wakati mimi nilijificha nyuma ya kilio chako azidi kukulinda, akuponye mguu, na awape Chimène na Aganze nyumba isiyo na cha kuficha.

Ni mimi nikupendaye, nisiyejua kama bado nina ruhusa ya kukuita shemeji,

Balagizi, mdogo wake Byamungu