Pazia la Ukurasa wa Tisa

Kaka yangu mpendwa,

Salamu tele kutoka kwangu na kwa Baba. Wewe na wifi hamjambo? Na ule mgongo, umepona au bado unaendesha lori ukiwa umepinda? Huku tu wazima. Baba ameongeza ukali na kupunguza meno.

Habari kubwa ni kwamba ukumbi wetu wa maigizo unatimiza miaka tisini, na meneja amenipa mimi, fundi wa mavazi, kazi ya kuandika historia yake. Alitaka kutafuta msomi. Nikamwambia msomi hajui panya wa chini ya jukwaa wanapitia wapi. Akacheka, akanipa daftari.

Basi nimeandika, tena vizuri. Nimeeleza jinsi jengo lilivyokuwa ghala la pamba, na jinsi watazamaji wa kwanza walivyofungua miavuli ndani kwa ubovu wa paa. Baba nimemweka pia, bawabu kwa miaka arobaini aliyemzuia hata mwenye jengo kwa kukosa tiketi.

Nilipofika mwaka lilipoanguka pazia, kalamu ikagoma. Unakumbuka: onyesho la mchana, bibi harusi kashika kikombe cha sumu, na pazia likashuka kabla hajanywa. Watu wakadhani ameokoka, wakashangilia mpaka vumbi likadondoka darini. Lakini Baba alikufukuza mbele ya wenzako, na miaka ishirini na sita hujakanyaga hapa. Zamu ya kuvuta pazia ilikuwa yako, ila ulikuwa umeniachia kamba ukanywe maji. Hukunitaja. Uliniambia nisilie, kamba nzito inaweza kumponyoka yeyote.

Kaka, haikuniponyoka. Niliiachia kwa makusudi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nilishamwona yule bibi harusi akifa jukwaani mara kumi na moja, nikaona inatosha. Kumwokoa sijutii. Wewe kubeba lawama yangu, hilo linaniuma hadi leo, na ninakuomba radhi.

Nimeyaandika yote, ukurasa wa tisa, nikamsomea Baba. Akaniita mpumbavu, na yeye mwenyewe akajiita mpumbavu mkubwa zaidi, akauliza kama bado unapenda kukaa safu ya mbele.

Sherehe ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Baba anasema mlangoni atasimama yeye, na wewe hatakudai tiketi.

Msalimie sana wifi, na watoto wote. Pazia siku hiyo navuta mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku